Ukurasa wa Pili Sikuusoma, Dada

Mpendwa Dada Somoe,

Huko uliko najua hakuna posta, na hata ingekuwepo, wewe usingefungua bahasha yangu kabla hujamaliza kazi iliyo mkononi. Lakini naandika. Naandika kwenye daftari la mistari mipana, lile la watoto wa darasa la kwanza, kwa sababu mkono wangu umezoea mistari ya namna hiyo. Na naandika wazi, anayetaka asome, maana uchafu wenyewe niliufanya mbele za watu.

Nina kinyaa, dada. Usidhani ni hasira. Hasira yangu unaijua, inapanda na kushuka kama maji ya Jangwani, na ikishuka naomba chai. Hii haishuki. Ni ile hali ya mtu aliyekunywa maji ya mtungi, akamaliza kikombe, ndipo akaona mjusi chini. Nikila, ipo. Nikipiga mswaki, ipo. Yule Shabani aliyemwoa mwanao ananitia kinyaa, na wale wanaojiita wanasheria kwenye vichochoro vya mahakama wananitia kinyaa, lakini anayenichefua kuliko wote namwona kwenye kioo nikinyoa ndevu.

Nianze mbali kidogo, unanijua siwezi kuanza karibu.

Unakumbuka chumba chetu cha Ilala, pazia katikati, wewe na mwanao Hawa, mchanga bado, upande wa mlango, mimi upande wa dirisha? Ulikuwa unauza viatu vya mtumba Mchikichini. Alfajiri unavitandaza uani, unavisugua kwa mswaki na sabuni ya kipande, unatafuta cha kulia kikutane na cha kushoto. Mimi nilikuwa nasukuma mkokoteni Kariakoo, na si mkokoteni wa mchezo. Wenzangu wakipakia marobota sita, mimi napakia kumi na mawili, naingia nayo Msimbazi huku naimba, askari wa barabarani wanasimamisha magari nipite. Wewe ulikuwa unasema yalikuwa manane. Haya, manane. Hakuna mwingine aliyewahi kuyahesabu.

Siku ya mguu ulikuwepo. Gari la mizigo lilirudi nyuma bila mtu wa kulielekeza, likanikanyaga mguu wa kushoto pale ukingoni. Ulikuja mbio kutoka Mchikichini ukiwa na kiatu kimoja cha mteja mkononi. Kituo cha polisi, dereva na tajiri yake walinikalisha kwenye benchi, wakaninunulia soda ya baridi, wakasema kijana tuyamalize kiungwana, mambo ya mahakamani ni marefu. Wakanipa karatasi. Ilisema nimesamehe na sina dai lolote. Wewe ulikuwa umezuiwa kaunta, nakusikia unasema kwa sauti, "Usisaini, kuna watu wa kuuliza kwanza." Nikasaini. Nilisaini kwa sababu walinipa kalamu yenye kofia ya dhahabu na wakaniita bwana. Nikapoteza vidole viwili vya mguu, na dawa ulininunulia wewe kwa miezi mitatu.

Hiyo ndiyo kweli, na walikuwa wanaijua watu wawili tu, mmoja ndiye ninayemwandikia.

Watu wengine wote walikuwa wanaijua ile nyingine. Kwamba nilimfikisha tajiri mahakamani. Kwamba sikuweka wakili, nilisimama mwenyewe siku tatu mfululizo, mguu umefungwa bandeji, bila kugusa maji. Kwamba siku ya tatu jaji alivua miwani, akaifuta, akaniuliza kijana umesoma chuo gani, nami nikamjibu chuo cha Msimbazi, idara ya mkokoteni. Mahakama nzima ikaangua kicheko, tajiri akaja kunishika magoti. Mwaka hadi mwaka kesi ilinenepa. Mwanzoni alikuwa hakimu, nikampandisha cheo akawa jaji. Kijiweni Mtaa wa Kongo, hapo ninapouza kufuli mpaka leo, wakanibandika jina la Jaji, na nililipokea kama mtu aliyeapishwa. Mtu akigombana na mwenye nyumba anakuja kwangu. Mtu akigongwa na bodaboda anakuja kwangu. Nami nawajibu, tena kwa sauti nzito, vitu ambavyo nilivisikia redioni nusu nusu.

Wewe hukuniumbua hata siku moja. Nikisimulia mbele ya wageni unamimina chai, uso mkavu. Mara moja tu, wageni wameondoka, ulinambia taratibu, "Huo uongo uchezee tu. Usije ukamfanyia mtu kazi nao." Nikacheka. Nikakwambia sheria ni maneno, dada, na maneno ninayo.

Ulipougua, siku ile ya mwisho ya kuongea, ulimshika Hawa mkono ukauweka kwenye wangu. Hukusema kirefu. Ulimwambia, "Mjomba wako huyu hapa." Basi.

Kwa wasiotujua niwaeleze, maana barua ni ya wazi. Sisi watu wa kusini, mtoto ni wa kwa mama yake. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti kizuri, lakini neno juu ya mtoto wa dada ni la mjomba. Mjomba ndiye anayeoza. Mjomba ndiye anayeitwa ndoa ikiyumba. Talaka ikitoka inaletwa mikononi mwa mjomba. Mjomba wa kwetu anaweza akawa mlevi, akawa hana shati, watu wakamvumilia. Ila hajawahi kusikika mjomba aliyewatoa watoto wa dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Hata hadithi ya kumhusu haipo. Sasa ipo.

Hawa nilimwoza kwa Shabani, kijana muuza mapazia hapo hapo Kariakoo, mwenye manukato mengi na sauti ndogo. Siku ya harusi nilipewa kipaza sauti, wewe unajua ni kosa gani hilo. Nikaisimulia kesi yangu yote, ile ndefu, wali ukapoa. Shabani ndiye aliyecheka kuliko watu wote. Aliniomba nirudie pale pa miwani. Nikampenda hapo hapo.

Wakapata mtoto wa kike, wakampa jina lako. Nami kwa kuwa ni jina lako, namwita dada. Alipofika miaka minne alikuwa ananitawala kuliko ulivyonitawala wewe. Nikivua kiatu kwa kukanyaga kisigino ananifokea. Nikisema nimeua nyoka wa futi ishirini ananiuliza, yuko wapi. Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo tangu ulipoondoka.

Ndoa ikaoza. Sitaki kueleza sana, Shabani alikuwa na mwanamke mwingine Tabata, na siku moja akaandika talaka. Nikaitisha kikao kwangu kama inavyotakiwa. Akaja na wazee wake wawili, na kreti la soda, na karatasi mbili zilizobanwa pini, zimepigwa chapa safi. Akasema, "Mjomba, wewe ndiye mtu wa sheria hapa, sisi wengine tunabahatisha. Ukisema iko sawa, iko sawa."

Nikavaa miwani. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na ukurasa wa kwanza ulikuwa mtamu. Ulisema tunaachana kwa amani. Ulisema familia zinaheshimiana. Ulinitaja mimi, jina langu kamili, na mbele yake wameandika mtaalamu wa sheria. Dada, nililisoma neno hilo mara mbili, wenyewe wakadhani nalipima. Kufika mwisho wa ukurasa jasho linanitoka. Unajua ninavyosoma. Mstari mmoja kwangu ni safari, kidole mbele, mdomo nyuma. Watu walikuwa wananitazama, pilau iko tayari.

Hawa alikuwa amekaa mkekani. Akasema, "Mjomba, hiyo ya nyuma inasemaje?"

Nikamjibu, "Mama, hiyo ni lugha ya kisheria. Ukisomewa utaumwa kichwa bure."

Wazee wakacheka. Na mimi, ili ionekane kweli nimepitia, nikachukua kalamu nikaandika pembeni kwa mwandiko wangu: Imekaguliwa na mjomba, iko safi kisheria. Nikasaini ukurasa wa kwanza, nikafunua, nikasaini wa pili. Nikampa Hawa naye asaini. Akasaini, kwa sababu mjomba amesema. Kisha tukala. Nilikula sahani mbili, nazikumbuka zote mbili, nyama na mchuzi wake.

Siku tatu baadaye Hawa yuko Mchikichini na viatu vyake, maana kizimba chako ndicho anachouzia, Shabani akaja nyumbani akamchukua mtoto. Jirani alipomzuia, Shabani akamwonyesha karatasi. Ukurasa wa pili ulisema mtoto atakaa kwa baba yake moja kwa moja, na upande wa mke hautadai vinginevyo. Hawa alikuja nayo kwangu jioni. Hakulia. Aliiweka juu ya meza ya kufuli na akaniuliza, "Uliona hii?"

Nikamwambia niliiona. Dada, nilimwambia niliiona, nikasema ni mbinu, nina mpango wangu, aniachie wiki moja. Ndivyo nilivyo. Au ndivyo nilivyokuwa, sijui.

Mpango wangu ulikuwa kumpeleka kwa mtu. Nje ya mahakama, kwenye kichochoro cha steshenari, kuna bwana mmoja mwenye koti na muhuri. Kila mtu anamwita wakili, na uwakili wake ni huo muhuri na hilo koti, hana kingine. Watu wa mjini wanawaita vishoka. Nilimjua kwa sababu aliwahi kununua kufuli kwangu tukaongea kisheria, yaani wote wawili tulidanganyana. Alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya bahasha ya mtu. Akasikiliza nusu, akasema kazi ndogo. Tutaandika kwamba siku ya kusaini mwanamke alikuwa na maruhani, akili haikuwepo, karatasi inakufa hapo hapo.

Hawa akamuuliza, "Na mwenye maruhani atapewa mtoto?"

Bwana yule akaangalia bahasha yake. Mimi nikaanza kusema lipo jambo hapo la kujadili. Hawa akasimama akaondoka, akaniacha nimekaa na kishoka wangu, na wallahi kwa mara ya kwanza niliona tunafanana. Tulikuwa na koti la aina moja.

Alikokwenda Hawa ni kwa wanawake wenzake wa sokoni. Mmoja wao alishapitia hayo, akamwelekeza ghorofani, ofisi ya msaada wa kisheria, ya bure. Nikamfuata, nikijipa sababu kwamba watahitaji mtu wa kuongea nao lugha yao. Kuna benchi refu, wanawake wamepakata faili zao ndani ya mifuko ya nailoni kama wamebeba samaki. Tukaitwa ndani kwa binti mmoja mwanasheria, Anjela, mtu wa Kilimanjaro, umri wa kuweza kuwa mwanangu wa mwisho. Akanambia, "Shikamoo baba." Nikaitikia, nikaanza. Nikamwagia maneno yote niliyonayo. Aliniacha mpaka nikaishiwa, kisha akamgeukia Hawa na kumuuliza mambo matatu. Talaka iko wapi. Mmekwenda baraza la usuluhishi la kata. Mtoto yuko wapi sasa hivi na analelewa na nani.

La pili sikulijua kabisa. Kumbe huwezi kuruka tu uingie mahakamani na ndoa iliyovunjika, unapita kwanza barazani, wanajaribu kupatanisha, wakishindwa wanakupa barua ya kwenda mbele. Jaji wa Kongo halijui hilo.

Kuhusu karatasi, Anjela alisema mtoto hahamishwi kwa saini ya mjomba wala ya babu, mahakama inaangalia ustawi wa mtoto. "Lakini mwenzenu atasema familia ilikaa na mtaalamu wa sheria, ikapima, ikaona mtoto akae kwa baba. Hakimu atataka kujua kama kweli mlipima." Kisha akanitazama mimi. "Baba, ukurasa wa pili uliusoma?"

Nikasema niliusoma. Nikaona Hawa anaangalia sakafu.

Tukaenda barazani. Shabani akaja na manukato yake, mpole, akasema yeye hana ugomvi na mtu, anafuata tu waliyokubaliana. Hawakupatana, tukapewa barua yetu. Wakati wote huo Hawa alikuwa anakwenda Tabata kila Jumapili kumwona mtoto, anaambiwa amelala, anaambiwa katoka na bibi yake. Mara moja alibahatika. Nilimsindikiza. Geti likafunguliwa kidogo, yule dada yangu mdogo akatokea, nywele kasukwa vizuri, gauni jipya. Akamtazama Hawa kama mtu anayejaribu kukumbuka somo. Akasema, "Shikamoo anti."

Walimfundisha. Mtoto wa miaka minne alikuwa amefundishwa kumwita mama yake anti. Nilitapika mtaroni, Hawa ananishikia kofia, yeye ndiye ananishikia mimi kofia. Nilitapika ile pilau ya kikao, ndivyo nilivyoona, ingawa ilikuwa imepita miezi.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Ni mahakama ya mwanzo, Anjela alishatuandalia maelezo na kutueleza namna ya kusema, lakini pale mbele kila mtu anajisemea na mwenzako anakuuliza maswali mwenyewe. Sasa sikia upumbavu wangu. Nilikuwa nimealika watu. Kijiwe kizima cha Kongo kilifunga meza, na akina mama wa Mchikichini nao wakaja, maana niliwaambia njooni mwone Jaji akirudi uwanjani. Nilipiga pasi suti. Nilitia mafuta kiatu, hata kile cha mguu wa vidole vitatu.

Hawa alitoa maelezo yake vizuri, sauti haikutetemeka. Kisha nikasimama mimi kama shahidi wake. Shabani akainuka kuniuliza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, mwambie mheshimiwa. Ile kesi yako ya gari, ulisimama siku ngapi bila wakili?"

Kutoka kwenye mabenchi mwenzangu wa kijiweni, kwa mapenzi kabisa, akasema, "Tatu." Watu wakacheka, karani akawanyamazisha.

"Siku tatu," Shabani akasema. "Kwa hiyo wewe si mtu wa kudanganyika na karatasi. Na haya maandishi ya pembeni, iko safi kisheria, ni mkono wa nani?"

"Wangu."

"Mheshimiwa, huyu alikagua. Anajua sheria kuliko sisi wote humu. Alipima akaona mtoto akae kwangu. Leo kageuka kwa sababu mpwa wake kalia."

Hakimu akaniuliza kama hiyo ni kweli.

Dada, nikwambie kilichopita kichwani. Sikumfikiria mtoto kwanza. Nilifikiria kijiwe. Nilifikiria kesho asubuhi nikipanga kufuli, nani ataniita nani. Ningeweza kusema ndiyo mheshimiwa, nilikagua, ila hali imebadilika, na ningetoka pale bado Jaji. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamevaa suti. Nikamtazama Hawa. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaangalia ukuta, kama mtu aliyefika dukani akijua bidhaa haipo.

Hilo ndilo lililonitia kinyaa mpaka nikafungua mdomo.

Nikasema, "Mheshimiwa, hiyo kesi haikuwepo."

Akaniambia nieleze. Nikaeleza. Benchi la kituoni, soda, kalamu ya kofia ya dhahabu, na wewe kaunta unapaza sauti. Nikasema sijawahi kusimama mbele ya hakimu yeyote mpaka siku hiyo. Nikasema nimeishia darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza.

"Ukurasa wa pili uliusoma?"

"Sikuusoma."

"Kwa nini?"

"Nasoma polepole, mheshimiwa. Na watu walikuwa wananiangalia."

Akaandika. Hakuvua miwani, hakuwa na miwani. Aliandika kila neno, nasikia kalamu yake. Nilitamani mtu acheke. Miaka yote nimewachekesha watu bure, siku ninayohitaji kicheko hakuna aliyenipa. Shabani akajaribu kusema mjomba anaigiza. Hakimu akamuuliza, je, wewe ulimsomea mke wako ukurasa huo kabla hajasaini? Akasema alidhani mjomba atamsomea. Akakaa chini na manukato yake.

Nje, watu wa kijiwe walipita wakitazama simu zao. Hawa akaja akasimama karibu yangu. Nilidhani atanishukuru, unaona mtu asivyopona haraka. Akasema, "Mjomba, ungeniambia tu siku ile hujui. Ningetafuta mtu wa kusoma."

Hilo ndilo ninalolala nalo. Sentensi fupi, nisingepungukiwa hata kidole. Sijui mama, tutafute mtu. Ingemaliza kila kitu kabla pilau haijapakuliwa. Badala yake mtoto mwenye jina lako amekaa miezi kwenye nyumba ya watu akifundishwa kumsahau mama yake, kwa sababu mimi niliona haya ya kusoma kwa kidole.

Wanaonisoma, hasa wanaume wa umri wangu mnaoitwa kwenye vikao: mnanitia kinyaa na ninyi pia, maana nawajua, tuko wengi. Mkikaa pale mnasafisha koo, mnasema iko sawa. Ofisi zipo, zina mabenchi, zina vijana wanaokuamkia na kukusomea karatasi mpaka nukta ya mwisho bila kukucheka. Niliwaogopa hao kuliko nilivyomwogopa Shabani.

Hukumu ilitoka. Mtoto akae kwa mama yake, baba amwone mwisho wa juma na atoe matunzo. Dada yangu mdogo karudi. Wiki nzima aliendelea kumwita Hawa anti, na kila alipotamka, Hawa aliitikia bee, kama jina lake. Siku ya nane, akiwa anaoshwa miguu, akasema mama sabuni inauma. Hawa akaendelea kuosha. Mimi nikatoka uani.

Jana ilikuwa siku ya kuchukua nakala ya hukumu, inapokelewa kwa saini. Nilivaa suti ile ile, nimejiandaa, kwa sababu kwetu karatasi za ndoa hupokewa na mjomba. Tulipofika dirishani nikanyoosha mkono. Hawa akasema, "Hapana mjomba. Nasaini mwenyewe. Wewe nishikie mkoba."

Akaanza kusoma kwanza. Karatasi zilikuwa nyingi, akazisoma zote, mbele na nyuma. Nyuma yake foleni inanung'unika, karani anagonga dirisha kwa kalamu, yeye anasoma tu, midomo haichezi, macho yanateremka mstari kwa mstari kama mtu anayeshuka ngazi za kwake. Ulikuwa unasoma namna hiyo hiyo wewe, nilikuwa nimesahau. Nami nimesimama korido, mjomba mzima wa kusini na suti yake, na mkoba mwekundu wa kike wenye minyororo ya kung'aa. Akapita mpagazi mmoja wa Kongo, ananijua. Akasimama akanipima juu mpaka chini.

"Jaji," akasema, "leo unamtetea nani?"

Hadithi ilinijia, dada, nzuri, ndefu, yenye ushahidi. Nikaimeza na nyongo yake.

"Simtetei mtu," nikamwambia. "Nimeshika mkoba."

Nakuachia hapo. Kinyaa bado ninacho, sikuandika ili kiniishe. Pumzika, Somoe, mwanao anasoma.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.